Ibn Khaldun: Alizaliwa Ramadhan, Akafa Ramadhan, Akatufunza Siri ya Mkate



Ndugu msomaji, jioni ya leo kabla adhana ya Maghrib haijalia, hebu itazame sinia iliyo mbele yako. Hizo tende zimevuka bahari. Ngano ya mahamri imelimwa na mkulima ambaye hamjawahi kuonana, pengine kule Narok au Uasin Gishu, ikavunwa, ikasagwa, ikapakiwa kwenye lori. Nazi iliyopikiwa mbaazi iliangushwa na mkwezi, na huyo mkwezi alihitaji panga, na panga lilihitaji mtu wa kulifua chuma. Ukitaka kuwahesabu wote waliotia mkono ili wewe ufuturu, utachoka, na adhana itakukuta bado unahesabu. Umefunga peke yako, kwa tumbo lako na nia yako, lakini kufuturu peke yako, wallahi, huwezi.

Hesabu hii si yangu mimi. Aliifanya mwanachuoni wa Kiislamu zaidi ya miaka 600 iliyopita, akaiweka mwanzoni mwa kitabu chake. Yeye hakutumia sinia la futari, alitumia chakula cha ngano cha mtu mmoja kwa siku moja tu. Huyo ndiye Abdurrahman bin Muhammad Ibn Khaldun, Mwenyezi Mungu amrehemu. Madrasa tulisoma Sira, tukasoma habari za Maimamu wanne, lakini wengi wetu Ibn Khaldun tulikutana naye chuo kikuu, tena akitajwa na mhadhiri wa somo la jamii. Si vibaya basi tumjue nyumbani kwake, manake ni wetu.

Alizaliwa mjini Tunis tarehe 1 Ramadhan mwaka 732 Hijria, sawa na tarehe 27 Mei 1332. Mfungo mosi kabisa. Ukoo wake ulitoka Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu, nchi ile ile walikotoka mababu wa jamaa zetu wengi wa Lamu, Malindi na Mombasa. Wenyewe walijinasibisha na Sahaba Wail bin Hujr (RA). Kutoka Hadhramaut ukoo ukaingia Andalusia, ukawa na jina kubwa pale Seville, na Wakristo walipoukaribia mji huo, ambao ulianguka mwaka 1248, wakahamia Afrika Kaskazini. Kwa hivyo kijana huyu alizaliwa katika nyumba ya watu wenye elimu na heshima, lakini wageni. Weka hilo akilini, msomaji, litatufaa huko mbele. Wageni wenye elimu, wasio na kabila nyuma yao.

Alihifadhi Qur'ani, akasoma lugha, fiqhi ya Kimaliki na hadithi. Mwaka 1347 sultani wa Moroko aliuteka Tunis, na katika msafara wake wakaja maulamaa wakubwa, akiwemo Al-Abili, bingwa wa hesabu na mantiki. Kijana wa miaka 15 akapata mwalimu ambaye asingempata hata kwa kusafiri. Halafu ikaja tauni. Ile tauni kubwa ya 1348 na 1349 iliyopukutisha watu kutoka China mpaka Ulaya ilipita Tunis pia, ikamchukua babake, ikamchukua mamake, ikawachukua walimu wake wengi. Alikuwa na umri wa miaka 17. Al-Abili naye akarudi Moroko na kijana akataka kumfuata, kakake mkubwa akamzuia.

Nakuomba usipite hapa mbio. Sisi tuliona wakati wa korona, mwaka 2020, jinsi mji unavyokuwa msikiti ukifungwa na matatu zikisimama. Lakini ile tauni ilikuwa jambo jengine. Kijiji kizima kilibaki na mashamba bila wakulima. Mhunzi akifa, mkulima hana jembe. Mkulima akifa, mhunzi hana chakula. Ibn Khaldun aliona kwa macho yake watu walivyofungamana, manake aliiona kamba ikikatika. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba tauni ile iliubadilisha ulimwengu wote kama kwamba umeumbwa upya, na kwamba ndiyo sababu ulihitaji mtu wa kuuandika upya.

Akiwa na miaka 20 alipata kazi yake ya kwanza, kuandika alama ya sultani wa Tunis juu ya barua za dola, yaani ile shukrani kwa Mwenyezi Mungu inayowekwa kwa hati kubwa chini ya Bismillahi. Kazi ndogo kwa mtu wa ukoo wake. Hakukaa. Mwaka 1354 alifika Fez, Moroko, kwa Sultani Abu Inan, akaingia katika baraza la wanachuoni na kisha katika ukatibu.

(Mwaka huo huo, mzee mmoja msafiri alikuwa Fez akisimulia safari zake. Ni Ibn Battuta, yule aliyelala usiku mmoja Mombasa na kuusifu mji wa Kilwa mwaka 1331. Watu wa baraza walimwona mwongo. Ibn Khaldun naye alikuwa na shaka, mpaka waziri mmoja akamuonya asikanushe jambo kwa kuwa tu hajaliona. Alilitaja tukio hilo katika kitabu chake.)

Sasa ndipo yalipoanza maisha yake ya kuzunguka, na nitayapitisha kwa haraka, manake ukiyafuata moja moja utapata kizunguzungu. Afrika Kaskazini ilikuwa imegawika dola tatu: Fez, Tlemcen na Tunis, na matawi yake ya Bijaya na Constantine. Kila sultani alimwogopa mwenzake, na wote waliwaogopa jamaa zao wenyewe. Ndani ya hali hiyo, mtu anayejua kuandika, kuzungumza na mabalozi na kuwatuliza mashekhe wa makabila ni mali. Kila mmoja alimtaka Ibn Khaldun. Naye aliwataka wao, kwa sababu hakuwa na shamba wala askari, alikuwa na kalamu tu.

Huko Fez alifanya urafiki na Amir Abu Abdallah, mwana wa kifalme wa Bijaya aliyekuwa amewekwa kama mateka. Wakaahidiana kwamba amir akirudishiwa mji wake, Ibn Khaldun atakuwa mkuu wa shughuli zake. Sultani akapata habari. Mwaka 1357 akamtia gerezani, akakaa humo karibu miaka miwili mpaka Abu Inan alipokufa mwishoni mwa 1358. Akatoka, akamsaidia sultani mpya Abu Salim kupata kiti kwa kuwavuta wakuu wa Kimarini upande wake, akawa katibu wake. Miaka michache Abu Salim naye akauawa.

Mwishoni mwa 1362 akavuka bahari kwenda Granada. Huku alipokelewa kwa mikono miwili, na sababu yake ni wema. Sultani wa Granada, Muhammad wa Tano, na waziri wake Ibn al-Khatib, walipopinduliwa walikimbilia Fez, na Ibn Khaldun akawafaa wakati hawana kitu. Sasa wamerudi madarakani, hawakumsahau. Mwaka 1364 akatumwa balozi kwa mfalme Mkristo Pedro mjini Seville. Msomaji, fikiria: anaingia mji wa mababu zake, anaona athari zao kwa macho. Pedro akampa ofa: abaki Seville, naye atamrudishia mali za ukoo wake. Ibn Khaldun akakataa kwa adabu akarudi.

Lakini hata urafiki wa Granada ulikwaruzika. Yeye na Ibn al-Khatib walikuwa watu wawili wakubwa chini ya sultani mmoja, na wenye kutaka kuwachonganisha hawakukosekana. Kabla mambo hayajaharibika, mwaka 1365 ikaja barua kutoka Bijaya. Amir Abu Abdallah amerudi mjini mwake na ahadi ya Fez bado ipo. Ibn Khaldun akaenda, akawa mkuu wa serikali. Asubuhi anaendesha dola, kisha anasomesha msikitini. Hazina ilipokuwa tupu alipanda mwenyewe milimani kwa makabila ya Kiberiberi yaliyogoma kulipa kodi, akarudi nayo. Mwaka uliofuata, binamu wa amir, Abu al-Abbas wa Constantine, akaja na jeshi, amir akauawa. Watu wa mji wakataka Ibn Khaldun amtawaze mtoto wa marehemu na wapigane. Akakataa, akaukabidhi mji kwa mshindi.

Hapa ndipo wengi wanapomhukumu. Wanamwita kigeugeu, ati leo kwa huyu kesho kwa yule. Mimi nimeyasoma maisha yake kwa utulivu, na sikubaliani nao moja kwa moja. Ndiyo, alibadilisha mabwana kama watu wanavyobadilisha kanzu. Lakini hebu jiulize, mtu kama yeye angeshikamana na nani? Mtoto wa kabila la Riyah akifukuzwa na sultani anarudi jangwani kwa ami zake, na sultani yule yule baada ya mwaka atakuja kuwabembeleza wampe wapanda farasi. Ibn Khaldun akifukuzwa anarudi wapi? Kifungo chake na sultani kilikuwa cha mtu na mtu, na upande mmoja wa kamba ulikuwa mwembamba sana. Wao wakimhitaji anapandishwa, haja ikiisha anatiwa ndani. Ibn al-Khatib alionja mwisho wa njia hiyo. Aliikimbia Granada, akafungwa Fez, na mwaka 1374 akanyongwa gerezani. Ibn Khaldun alijaribu kumwombea, haikusaidia. Ndugu yake mdogo Yahya, aliyekuwa katibu wa sultani wa Tlemcen, naye aliuawa na mahasidi wa ikulu.

Karibu miaka tisa baada ya Bijaya, kazi yake kubwa ilikuwa ni kukaa baina ya masultani na makabila. Anatumwa kwa Waarabu wa Dawawida awavute upande wa Tlemcen, kesho awavute upande wa Fez. Alikula nao, alilala katika mahema yao. Akaona jambo ambalo mtu wa ikulu halioni. Watu hawa hawana ukuta, hawana polisi, hawana hazina. Usiku unalala, na asiyelala ni binamu yako. Kisima ni kimoja, na mwaka wa ukame hakuna atakayekupa maji ila ndugu. Ukiuawa, damu yako inadaiwa na ukoo mzima. Kwa hiyo kila mmoja anajua bila mwenzake hana uhai, na kutokana na hapo kunatoka mapenzi, hima, hata ujasiri. Ibn Khaldun akaipa hali hiyo jina: asabiyya.

Mwaka 1375 sultani wa Tlemcen akamtuma tena kwa makabila. Alikubali kwa mdomo, akatoka mjini, halafu njiani akakata kona. Akaenda kwa Awlad Arif, kabila lililompa hifadhi, wakamweka yeye na familia yake katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, karibu na mji wa Frenda wa leo, Algeria. Alikuwa na miaka 43, amechoka. Akakaa hapo miaka minne. Na hapo, mwaka 1377, katika muda wa miezi mitano, akaandika rasimu ya Muqaddima.

Ona basi: kitabu kinachoeleza kwamba mwanadamu hawezi kuishi bila wenzake kiliandikwa na mtu aliyekimbia watu, na aliweza kuwakimbia kwa sababu tu kuna kabila lilimlinda, likamlisha.

Anaanza na ile ngano. Mtu mmoja anahitaji chakula cha siku. Ngano lazima isagwe, ikandwe, iokwe. Kila kazi ina vyombo vyake, na vyombo vinataka mhunzi, seremala na mfinyanzi. Haya, tuseme ataitafuna punje kavu. Bado kuna kupanda, kuvuna na kupura. Nguvu ya mtu mmoja haitoshi hata kwa hilo. Lakini, na hapa ndipo uhodari wake, wakiungana wachache wakagawana kazi, wanachopata kinawatosha wao na wengine wengi zaidi yao. Kushirikiana hakugawi umaskini, kunazaa ziada. Na katika ziada ndimo munamotoka miji, shule, na watu wanaoweza kukaa kitako wakaandika vitabu. Hali kadhalika kujilinda. Simba ana makucha, mwanadamu amepewa akili na mkono, na mkono mmoja haumzuii simba.

Kisha anaingia kwenye asabiyya, na hapa tuwe makini kwa sababu neno hili kwetu madrasa ni neno baya. Mtume wetu (SAW) aliikemea asabiyya. Ibn Khaldun anajua hilo vyema, alikuwa mwanafiqhi, na analijibu. Kinachokatazwa, anasema, ni kushikamana kwa batili na kujifaharisha kwa nasaba kama enzi za ujahiliya. Ama kushikamana kwa haki, hata dini yenyewe haikusimama bila watu waliosimama pamoja. Tena hakuifunga asabiyya kwenye damu peke yake. Mtu akiingia kwa watu kwa mapatano au kwa hifadhi, akaishi nao, akala shida yao, anakuwa mmoja wao. Nasaba yenyewe anaiona ni jambo la kudhania tu, na faida yake ni ule ukaribu unaozaliwa nayo.

Sisi Wakenya tuna hesabu yetu na neno hili. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi wakachomeana nyumba. Hapo kabila lilishinda ujirani. Nikimsoma Ibn Khaldun nawaza hivi: mahali watu walipokuwa na haja ya kweli baina yao, duka la huyu likitegemea shamba la yule, kulihitajika nguvu kubwa kutoka nje kuwatenganisha. Na mahali walipokaa ubavu kwa ubavu kila mmoja na mlango wake kwa mwanasiasa wake, cheche moja ilitosha. Hayo ni maoni yangu, si yake.

Jambo la tatu ndilo linalonigusa zaidi, nalo halitajwi sana. Ibn Khaldun anaeleza namna cheo kinavyofanya kazi. Mwenye cheo watu humfanyia kazi bure wakitaraji fadhila yake, ndiyo sababu anatajirika haraka. Asiye na cheo, hata akiwa fundi au alimu, anabaki na jasho lake tu. Basi watu wanapanda ngazi kwa kunyenyekea na kusifia walio juu, na mwenye kujivunia elimu yake akakataa kusifia, anakaa maskini. Anayasema haya bila kupamba. Nafikiri alikuwa anajisema yeye mwenyewe. Vijana tunaopanga foleni kwenye ofisi ya mheshimiwa kusubiri barua ya basari tunaelewa vizuri. Ile ni haja ya upande mmoja. Mheshimiwa akishapata kura, haja yake kwako imekwisha, na yako imebaki pale pale. Ibn Khaldun anaendelea: mtawala akifika kuchukua mali za watu bila haki na kuwafanyisha kazi bila malipo, anaiua nchi, kwa sababu watu wanaacha kujibidiisha. Na dola inayoanza kwa mshikamano, kizazi cha kwanza wakila pamoja na kupigana pamoja, ikifika kizazi cha tatu wafalme hawawahitaji tena jamaa zao. Wanawanunua askari wa kuajiriwa. Wanaona wamejitosheleza, na hapo ndipo huanguka. Aliukadiria umri wa dola kuwa miaka 120 hivi.

Lazima pia nikwambie ukweli mwengine. Katika kitabu hicho kuna maneno juu ya watu weusi wa kusini ambayo ukiyasoma kama Mwafrika yatakuuma. Anawaweka watu wa nchi za joto kali chini ya wengine kwa akili na tabia. Ni makosa, na uanachuoni wake haumsafishi hapo. Wakati huo huo alikanusha wale waliodai ati weusi ni laana ya mtoto wa Nabii Nuhu, akasema ni jua na hewa tu, na ni yeye aliyetuhifadhia majina ya wafalme wa Mali wakiwemo Mansa Musa, kwa kuwauliza watu waliotoka huko. Tumsome na yote mawili.

Ngomeni hakukuwa na vitabu vya kutosha kuimaliza kazi. Hata kalamu ina watu inaowategemea! Ilibidi arudi Tunis penye maktaba, mwaka 1378, na mtawala wa Tunis sasa ni nani? Ni yule yule Abu al-Abbas aliyemuua rafiki yake wa Bijaya. Akamwomba msamaha, akapewa, akamaliza nakala akampa zawadi. Lakini wivu wa maulamaa na safari za kivita za sultani zikamchosha, akaomba ruhusa ya kwenda Hijja. Akatoka Oktoba 1382. Ramadhan ile yote ilimkuta jahazini, kama siku 40 baharini, akatia nanga Aleksandria siku ya Idi al-Fitri.

Cairo ilimshangaza kwa wingi wa watu na madrasa. Akasomesha Al-Azhar, na Sultani Barquq akampenda. Ila familia yake ilikuwa bado Tunis. Abu al-Abbas aliwazuia, manake aliona wakiondoka na yeye hatarudi. Umeona haja inavyogeuka kuwa minyororo? Barquq akaandika barua kuwaombea, wakaachiliwa, wakapanda meli. Mwaka 1384, karibu na kufika Aleksandria, meli ikazama. Mkewe na watoto waliokuwemo wakapotea, na mali yake yote.

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Wakati huo alikuwa ameteuliwa kadhi mkuu wa Kimaliki, na alikuwa amejitia katika vita vingine. Alikataa kupokea vimemo vya wakubwa, akawaandama mashahidi wa uongo na mamufti wa kulipwa. Na kwa kuwa Cairo pia hakuwa na ukoo, alibaki peke yake, hata mavazi yake ya Kimaghribi hakuyaacha. Msiba ulipoungana na fitina, akaacha kazi kabla mwaka haujapita sana. Mwaka 1387 akahiji.

Mwaka 1389 Barquq alipinduliwa kwa muda, na makadhi wakashurutishwa kutia sahihi fatwa dhidi yake. Ibn Khaldun alitia. Barquq aliporudi, Ibn Khaldun akapoteza uongozi wa zawiya aliyokuwa akiisimamia. Sitamtetea hapo, wala sitamrushia jiwe.

Mwisho kabisa, mwaka 1401, akiwa na miaka 68, alijikuta ndani ya Damascus iliyozingirwa na Taimur Lenk. Sultani kijana wa Misri, Faraj, alikuwa amesharudi Cairo kwa kuogopa mapinduzi. Ibn Khaldun aliteremshwa kwa kamba kutoka ukuta wa mji, akaenda kwenye hema la mtu aliyeogopwa kuliko wote duniani. Akampelekea msahafu, msala, nakala ya Burda na masanduku manne ya halua za Misri. Walikaa wakizungumza kwa siku 35. Taimur alitaka habari za nchi za Maghrib, mzee akamwandikia. Mzee naye akawaombea amani makatibu na watumishi walioachwa nyuma, akapewa. Mji wenyewe haukuokoka, uliporwa ukachomwa, na msikiti wa Banu Umayya ukashika moto. Kabla hawajaagana Taimur alimtaka amuuzie nyumbu wake, Ibn Khaldun akampa bure. Baadaye thamani ya nyumbu ikaletwa mpaka Cairo, na hakuigusa mpaka alipomweleza sultani wake kwanza. Alikuwa amejifunza.

Alirejeshwa kwenye ukadhi na kuondolewa tena na tena. Uteuzi wa sita ulimjia mwaka 1406, na siku chache tu baadaye, tarehe 17 Machi, Ramadhan ya mwaka 808 Hijria ikielekea ukingoni, akafariki. Miaka 76 kwa hesabu ya mwezi, kutoka mfungo mosi mpaka kumi la mwisho. Walimzika makaburi ya Masufi nje ya Bab al-Nasr, Cairo, kati ya watu ambao wengi wao nao walikuja mjini humo wakiwa wageni. Kaburi lenyewe leo halijulikani ni lipi.